Maswali ya Wasomaji: Chujio la Ndoo kwa Tangi la Samaki

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu chujio la kujitengenezea la tangi la samaki wa mapambo, nasi tumechagua tisa. Tutangulize jambo moja, maana litarudi katika karibu kila jibu. Chujio la kibiolojia ni makazi ya bakteria. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti huua, ila nitrati huvumilika mpaka siku ya kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaogelei majini, hujishikiza juu ya vitu, na hula oksijeni kwa wingi. Kwa hiyo mwenye shilingi chache azitumie kwanza kwenye hewa, mawe ya bei mbaya yatafuata kama yatahitajika.

Nina tangi la sentimita 100 kwa 40, kimo 50. Machujio ya dukani ya ukubwa huo bei imenishinda. Naweza kutumia ndoo ya lita 20 na pampu ya kuzamisha? (Tabata)

Unaweza, na kwa lita 200 ndoo hiyo inatosha. Iweke juu ya tangi, si ndani ya kabati la chini. Ndoo ya chini hutegemea maji yateremke yenyewe kwa kipimo kilekile ambacho pampu inarudisha, na mizani hiyo ikiyumba kidogo sebule inakuwa bwawa. Ikiwa juu, pampu hupandisha maji, yanachuruzika kupita ndani ya ndoo, kisha yanarudi tangini kwa uzito wake. Pampu ikizima, mzunguko wote unasimama.

Ndoo nzuri ni ile ya mafuta ya kula. Ioshe kwa maji ya moto na magadi mpaka isiteleze, kisha isuuze mara kadhaa. Ndoo ya rangi iache hata kama unaipata bure.

Kwenye pampu watu hudanganyika na maandishi ya boksi. Lita 1,000 kwa saa ni kipimo cha maji yasiyopandishwa popote. Pampu yenye kimo cha juu cha mita 1.5 ikipandisha mita 1 hubakiwa na theluthi hivi ya maji yake. Chagua yenye kimo cha mita 2 au zaidi, kisha ipime mwenyewe: inua mpira wake hadi usawa wa mdomo wa ndoo utakapokuwa, uelekeze kwenye ndoo ya lita 10, utazame saa. Ikijaa kwa sekunde 60 hadi 90 unapata lita 400 hadi 600 kwa saa, na hicho ndicho unachohitaji.

Toboa ndoo mara mbili. Tundu la kwanza liwe ubavuni, chini kabisa, na ufunge tenki konekta (kiungio cha kupitishia bomba kwenye ukuta wa chombo) ya inchi 1: hilo ni la kurudisha maji. La pili liwe sentimita 5 chini ya ukingo, nalo la inchi 1, lenye bomba lake linaloshuka tangini. Hili la pili ndilo wengi huliruka kwa sababu kwa kawaida halipitishi chochote. Siku la chini likiziba, ndoo itajaa mpaka hapo tu, tangi litapungua sentimita 4 hivi, na sakafu itabaki kavu. Bomba la kupandisha ni la nusu inchi, linapita kwenye mfuniko. Mwisho wake ubaki juu, usizame, ili maji yasivutwe kurudi nyuma pampu ikizima.

Tumia drili yenye kisu cha duara. Wanaotoboa kwa chuma cha moto hupata tundu lenye kingo zilizokunjamana, na hapo ndipo panapovuja. Kama huna njia nyingine, toboa dogo kuliko unavyotaka, umalizie kwa kisu. Mpira wa tenki konekta ukae kati ya ukuta wa ndoo na konekta, ukaze kwa mkono, halafu robo mzunguko kwa spana. Jaza ndoo maji, iache nje usiku kucha, na ukandamize kiganja kikavu kila ungio kabla hujaiingiza ndani.

Ndani, kutoka chini kwenda juu: bakuli la plastiki lenye matundu, limegeuzwa kifudifudi, liinue vitu sentimita 4 ili maji yasituame. Juu yake mfuko wa wavu wa vitunguu wenye lita 10 za vizibo vya plastiki vya chupa za maji na soda, kama 400 hadi 500, kila kimoja kimetobolewa kwa msumari wa moto. Ni kazi ya kuchosha, lakini kizibo kisichotobolewa hushika maji yasiyotembea ndani yake. Kisha sahani iliyokatwa kutoka mfuniko wa ndoo nyingine, yenye matundu 60 hivi ya milimita 4, itawanye maji. Juu ya sahani weka kipande cha sponji cha sentimita 3 cha kunasa takataka. Hiki utakiosha kila wiki, vizibo hutavigusa.

Pampu itundike sentimita 20 kutoka chini ya tangi. Ikiwa ndoo itavuja ukiwa kazini, pampu itanyonya mpaka usawa huo na samaki watabaki na maji. Rafu ya ndoo ihimili kilo 25, na usiiweke juu ya kioo cha mfuniko wa tangi. Waya wa umeme uning'inie chini kidogo kuliko soketi, kisha upande, ili tone likifuata waya lidondoke hapo. Chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono majini. Mwisho wa bomba la kurudishia ubaki sentimita 3 juu ya maji, kwani ukizama bomba huguguma usiku kucha. Mfuniko wa ndoo usiuache wazi kwa sababu ya mbu.

Badala ya vizibo naweza kutumia dodoki? Au mkaa, au kokoto za ujenzi? (Mbagala)

Dodoki hapana. Ni la mmea, litaoza, na wanaoliozesha watagombea oksijeni ileile na bakteria unaowafuga. Mkaa wa kupikia haufanyi kazi ya ule uliotengenezwa kiwandani kwa kunyonya kemikali, na majivu yake hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (ikishuka chini ya 7, maji yana asidi). Ukiusuuza sana unabaki kuwa jiwe jepesi linalomeguka.

Kokoto zinafaa, ila ni nzito na huziba kwa tope. Dondoshea siki au ndimu kabla ya kuzinunua: zikitoa povu zina chokaa. Nyeupe za Kunduchi zitatoa povu, ngumu za Lugoba hazitoi. Chokaa si ubaya kwa kila samaki. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanaipenda, wanaotoka mito ya maji laini wataumia nayo. Ukipata mawe ya volkano yenye vitundu, yanayotoka mikoa kama Mbeya na Arusha, chukua hayo kabla ya kokoto zozote.

Nailoni ngumu za kusugulia sufuria ni nzuri sana, mradi ziwe plastiki tupu. Stili waya hushika kutu. Sponji ya godoro inafaa kama ukiiweka mdomoni na kupuliza pumzi inapita bila shida. Isiyopitisha pumzi haitapitisha maji.

Na tafadhali, usifunge chochote kwa kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa ile imekusudiwa mbu, lakini ni sumu kali kwa samaki, na kufua mara moja au mbili hakuiondoi.

Chujio limewashwa siku 12, maji yanang'aa kama kioo, lakini samaki wanahema juu juu na watatu wamekufa. Tangi ni lita 100. Nimekosea wapi? (Kinondoni)

Hujakosea katika kujenga, ila uliwaingiza samaki mapema. Mng'ao wa maji hauonyeshi amonia. Chakula chenye protini asilimia 35 huzalisha takriban miligramu 30 za amonia kwa kila gramu. Ukiwapa gramu 3 kwa siku, lita 100 zako zinapokea karibu miligramu 0.9 kwa lita kila siku, na chujio la siku 12 halijapata bakteria wa kuimaliza. pH nayo ina neno. Kwenye joto la nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo linaloua haifiki asilimia 1, lakini pH ikiwa 8 inazidi asilimia 6. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kufanya kosa lilelile, mmoja akazika samaki na mwingine asijue kuna tatizo.

Leo badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na klorini yenye joto linalolingana. Usiwalishe siku 3, kisha walishe kidogo siku moja na kuruka moja. Pima kila siku, na amonia au nitriti ikizidi miligramu 0.5 kwa lita badilisha tena theluthi. Matamvua yakiwa ya kahawia badala ya nyekundu, hiyo ni nitriti: imeharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Yeyusha gramu 100 za chumvi ya kawaida kwenye jagi, uimimine polepole. Chumvi huzuia nitriti kuingia kupitia matamvua, haiiondoi majini, kwa hiyo kubadilisha maji kunaendelea. Kila ukibadilisha, rudisha chumvi ya kiasi cha maji uliyotoa tu.

Wengine wasiofika huko bado, washeni chujio bila samaki. Tia myeyusho wa amonia wa asilimia 10, mililita 2 kwa kila lita 100, utapata miligramu 2 hivi kwa lita. Tikisa chupa kwanza: povu likikaa, kuna sabuni ndani, iacheni. Asiyeipata atumie uduvi wachache ndani ya soksi ya nailoni. Inanuka na haipimiki vizuri, lakini inafanya kazi. Amonia itapanda, itashuka, nitriti itapanda baada yake na kukaa juu muda mrefu kuliko unavyotarajia. Kila amonia ikiisha, ongeza. Chujio limeiva siku ambayo dozi ya miligramu 2 inaondoka yote ndani ya saa 24 na nitriti inasoma sifuri. Kwa joto la Dar es Salaam tarajia wiki 3 hadi 5. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la mtu lenye afya, muda huo unaweza kupungua hadi wiki moja. Kisafirishe kikiwa kibichi kwenye mfuko wenye hewa, kisizamishwe kwenye chupa iliyofungwa.

Umeme ukikatika saa nyingi, bakteria wanakufa? (Ubungo)

Inategemea chujio. Kwenye ndoo ya kuchuruzisha, vizibo hubaki vibichi na vimezungukwa na hewa, kwa hiyo bakteria hupumua. Mwagia jagi moja la maji ya tangi juu ya sahani kila saa 2. Unawalowesha, na maji yanayorudi yanawapa samaki oksijeni. Chujio lililofungwa kama mkebe ndilo la kuogopa, kwa sababu oksijeni iliyomo huisha haraka na vitu vinaanza kuoza humo. Likikaa limezimwa nusu siku, lifungue na umwage maji yake kabla ya kuliwasha. Ukinusa harufu ya yai viza, suuza na vilivyomo kwa maji ya tangi.

Samaki huwahi kuhangaika kuliko bakteria, hasa tangi likijaa na maji yakiwa nyuzi 30. Usiwalishe umeme ukiwa umekatika. Pampu ndogo ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu, ya wati 1 hadi 1.5, hukaa usiku mzima kwenye paua benki ya 10,000 yenye afya. Ijaribu siku ya kawaida kwanza, maana baadhi ya paua benki hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno.

Nililisafisha chujio vizuri kabisa, kesho yake maji yakawa kama ya mchele. (Sinza)

Huko kusafisha vizuri ndiko kulikoleta hayo. Maji ya bomba ya DAWASA hutiwa klorini ili kuua bakteria, nayo haichagui wa kwako. Ulipowaondoa, bakteria wa aina nyingine wanaokula mabaki walizaliana kwa kasi, na ndio hao weupe unaowaona. Usitie dawa ya kung'arisha maji. Punguza chakula, ongeza hewa, pima amonia, na ubadilishe robo ya maji pale tu kipimo kinapodai. Weupe utaondoka ndani ya siku chache.

Siku nyingine toa maji ya tangi kwenye beseni, kamua sponji humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na rangi ya kahawia. Vizibo viguse tu kama maji yanapita kwa shida, na nusu kwa wakati mmoja, nusu nyingine baada ya wiki 3. Dawa za samaki nazo ziangalie. Methilini buluu, kwa mfano, huua bakteria wa chujio, kwa hiyo mgonjwa atibiwe kwenye ndoo ya pembeni.

Maji mapya yaache kwenye ndoo pana saa 48, au saa 24 yakiwa na pampu ya hewa. Kukaa ndani ya simtanki lililofungwa juu ya paa hakutoshi kuondoa klorini, na alasiri maji hayo huteremka ya moto. Yachote asubuhi.

Natumia maji ya kisima, Kigamboni. Nahitaji kuyaacha yakae? (Kigamboni)

Klorini hayana, kama hakuna aliyeitia. Yatingishe kwa hewa usiku mmoja, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi mara nyingi hutoka na oksijeni kidogo, na pH yake hubadilika yakikutana na hewa. Pima pH baada ya hapo, siyo yakitoka tu. Yakiwa na ladha ya chumvi ulimini, chagua samaki wanaovumilia, kama gapi na moli.

Tangi langu ni lita 40 tu. Kuna chujio la bei nafuu kuliko ndoo? (Temeke)

Lipo. Kata bomba la PVC la nusu inchi, lenye urefu unaofika sentimita 2 chini ya usawa wa maji. Ziba chini, toboa matundu 20 ya milimita 5 kwenye sentimita 10 za mwisho. Visha hapo sponji ya sentimita 8 kwa 8 kwa 12 uliyoitoboa katikati, kaza kwa uzi wa nailoni. Juu weka elbo. Ingiza mpira mwembamba wa pampu ya hewa kupitia tundu dogo kwenye elbo, ushuke mpaka karibu na chini, kwa sababu hewa ikitokea chini zaidi huinua maji mengi zaidi. Mpira wa dripu mpya wa duka la dawa unafaa, na kile kigurudumu chake kinarekebisha hewa. Jiwe lisilo na chokaa lifungwe chini, la sivyo sponji itaelea siku mbili za kwanza.

Pampu ya hewa ikae juu kuliko maji. Ikikaa chini, umeme ukikatika maji hurudi kwenye mpira na kuingia ndani yake. Mkipuliza dawa ya mbu chumbani, zimeni pampu kwanza, funikeni tangi, mfungue madirisha kabla ya kuiwasha tena. Pampu hunyonya hewa ya chumba na kuisukuma majini pamoja na dawa.

Chujio linafanya kazi vizuri lakini maji ni ya kijani. (Mwenge)

Huo ni mwani, na chujio hili halimhusu. Ondoa tangi dirishani, taa iwake saa 6 kwa siku, na upunguze nitrati kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Mashina ya matembele yakiachwa yaote mizizi ndani ya maji hula nitrati nyingi. Msiyale kama mmewahi kutia dawa ya samaki humo.

Chujio lina miaka miwili, halijawahi kunisumbua. Sasa amonia inasoma miligramu 3 na samaki hawaonyeshi dalili. Kipimo kimeharibika? (Mbezi)

Pima pH kabla ya kulaumu kipimo. Bakteria wanapoila amonia hutumia pia kabonati iliyo majini, kiasi cha miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni. Anayeongeza maji yaliyokauka bila kubadilisha ya zamani huimaliza akiba hiyo kidogo kidogo, kisha pH inaanguka. Ikishuka chini ya 6.5 bakteria wanazubaa, na chini ya 6 karibu wasimame. Samaki wako wako hai kwa sababu katika pH hiyo amonia karibu yote iko katika umbo lisilodhuru.

Hapo ndipo pa hatari. Ukibadilisha nusu ya maji kwa maji ya pH 8, au ukatia magadi, amonia iliyopo itageuka sumu kwa mkupuo na utawapoteza wote jioni ileile. Badilisha asilimia 10 kila siku kwa siku 7 hadi 10, lisha kidogo mno, na upime pH na amonia kila asubuhi. Amonia ikishuka chini ya miligramu 0.5 kwa lita, weka konzi mbili za kokoto nyeupe za chokaa kwenye mfuko wa wavu ndani ya ndoo, chini ya vizibo. Zitayeyuka polepole zenyewe kila maji yanapoanza kuwa na asidi. Zikague kila baada ya miezi 6, na uziongeze zikipungua.